Vidole Vinne vya Hewa

Mama yangu habamizi mlango wa gari. Tangu tukiwa wadogo amri yake ilikuwa hiyohiyo: teremsha kioo vidole vinne kwanza, ndipo uvute mlango. Aliyesahau alishushwa, akaanza upya. Gari letu ni Volkswagen ya mwaka 1965, ile yenye mgongo wa mviringo, na sisi tunamwita Kobe. Aliundwa akazibwa sawasawa kila upande, hata vioo vikiwa juu hewa ya ndani haina pa kutokea, na mlango wa mwisho unapofungwa hewa hiyo huusukuma urudi. Ukiutaka ufunge kwa adabu, uipe hewa njia.

Mama alimnunua Kobe mkono wa pili mwaka 1974, akiwa mkunga wa hospitali ya Bombo, hapa Tanga. Alimwendesha usiku, mvua na jua, mpaka alipostaafu. Nikimuuliza kwa nini hakununua gari kubwa zaidi, hunikumbusha kwamba magari ya aina hii yalishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi zile mbio zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Injini iko nyuma, anasema, imeyakalia magurudumu yanayosukuma, na inapozwa kwa hewa, haidai maji. Kwenye tope la Muheza hilo ndilo lililomfikisha kwa wajawazito wake.

Sasa mjukuu wake anaolewa Muheza, na mama ametamka kwamba ataingia kwenye shughuli hiyo ndani ya Kobe. Tulikuwa na miezi mitano. Bati lilishonwa, kutu ikakwanguliwa, rangi ikapigwa, mipira ya milango ikawekwa mipya. Kazi hizo sitazieleza. Zilikuwa nzito lakini zilinyooka. Kilichotutoa jasho kilikuja mwishoni, zikiwa zimebaki siku tano, nacho ni hendeli ya kioo cha upande wa abiria, anapokaa mama siku hizi.

Hendeli ya Kobe haina skrubu. Magari ya miaka ya baadaye yaliwekewa, lakini haya ya zamani yanatumia pini, kipande cha chuma chembamba kama njiti ya kiberiti iliyokatwa nusu. Mashine ya kioo iko ndani ya mlango, na kijiti chake kinachomoza kwenye tundu la hadibodi iliyovikwa leza. Nyuma ya hadibodi kuna springi inayoisukuma nje. Juu ya hadibodi kinakaa kisahani cha mviringo, kisha hendeli. Ili kuweka pini unakididimiza kisahani, na hadibodi, na springi, vyote kwa pamoja, mpaka kitundu kwenye shingo ya hendeli kionekane. Hapo unapenyeza pini. Ukiachia, springi inarudisha kila kitu, kisahani kinaifunika pini, na haitoki tena hata gari litikisike vipi. Mimi naona ni ubunifu mzuri sana. Hakuna kichwa cha skrubu cha kukwaruza goti, hakuna kinacholegea, na jicho halioni ila chuma kinachong'aa.

Tatizo ni kwamba kazi hiyo inataka mikono mitatu. Wa kudidimiza, wa kushika hendeli, wa kupenyeza.

Jumatatu tulianza na mjomba. Yeye alididimiza kwa vidole gumba viwili, mimi nikashika hendeli na pini. Kitundu hakikuonekana. Tukabadilishana. Hakikuonekana. Mke wangu akatuletea uma wa seti yake ya wageni, kwa sababu meno ya uma hupita kushoto na kulia kwa kijiti na kukisukuma kisahani bila kukipindisha. Wazo lilikuwa la maana, na kwa mara ya kwanza tuliona nusu ya kitundu, kama mwezi mwandamo. Nikaiweka pini, nikaigonga kidogo kwa nyundo ndogo. Nikaogopa kuongeza, maana hendeli hizi ni za kusubu na shingo zake hupasuka. Uma ukapinda. Springi ikarudi kwa nguvu. Pini ikaruka.

Ua wetu una mchanga.

Tulipiga magoti mpaka magharibi. Mjomba alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, akaiburuta mchangani, ikarudi na ndevu za unga wa chuma tulizoziacha wenyewe tulipokuwa tukikwangua kutu. Asubuhi mke wangu alichukua chekeche ya unga, akamkabidhi binti yetu ndoo, na wakaanza kuuchekecha mchanga kuanzia kwenye gurudumu kwenda ukutani, hatua kwa hatua, kama watu wanaotafuta kipini cha bibi harusi. Saa nne binti alipiga kelele. Pini ilikuwa imefika karibu na mtungi, mbali kuliko ambavyo yeyote kati yetu angefikiria. Mke wangu akaitia kwenye chupa ya dawa, akaifunga, na chupa akaifunga kwenye pindo la kanga. Kuanzia hapo aliyetaka pini alimwomba yeye.

Jumatano tulikiteremsha kioo chote tuipake mashine grisi, tukarudisha hadibodi, tukajaribu tena, tukashindwa tena. Giza likaingia. Tukalala, kioo kikiwa chini na hendeli ikiwa juu ya kabati.

Mvua ilikuja saa nane usiku. Si manyunyu, ilikuja kama inavyokuja Tanga mwezi wa nne, bahari nzima imepanda juu ya mabati. Nikatoka mbio na turubai, mke wangu nyuma yangu na kanga mbili. Upepo ulikuwa unaubeba upande wa kwanza wa turubai kabla hatujaufunga wa pili. Maji yanayoingia ndani ya mlango hayakunitisha. Mlango wa gari huingia maji kila mvua, kupitia ufa ule wa kioo, na ndiyo maana una matundu chini ya kuyatolea. Sisi tulikuwa tumeyazibua. Nilichohofia ni viti, na hiyo hadibodi. Hadibodi ikinywa maji huvimba, ikikauka hujikunja kama papa mkavu, na haitengenezeki. Ile ya zamani ilikufa hivyo, baada ya nailoni iliyokuwa nyuma yake kuchanika miaka mingi nyuma.

Nikakimbilia koleo. Nilikusudia kukibana kijiti na kukizungusha mpaka kioo kipande.

"Koleo hapana!"

Mama alikuwa amesimama barazani na mwavuli, kanga kichwani. "Utakila hicho kijiti, baba. Kikishalika, hendeli itashika nini? Nipe hendeli."

"Mama, mvua hii."

"Nimezalisha watu katika mvua kubwa kuliko hii. Nipe."

Akaingia, akakaa kwenye kiti chake. Akaipachika hendeli bila pini, akaikandamiza kwa kiganja chote, uzito wa bega ukifuata, na akaanza kuzungusha polepole. Kwa kweli pini haizungushi chochote. Inazuia hendeli isichomoke tu. Ilichomoka mara mbili, akairudisha. Kioo kikapanda kidole kwa kidole mpaka kikagusa mpira wa juu, na mlio wa mvua ukabadilika ndani ya gari.

Hakushuka. Aliendelea kukandamiza pale kwenye tundu, akaachia, akakandamiza tena, macho ameyafumba. Naujua mkono ule. Ndivyo alivyokuwa akipapasa tumbo la mama mjamzito kutafuta kichwa cha mtoto kimelala wapi.

"Hapa pana godoro," akasema.

"Godoro gani, mama?"

"Kuna kitu laini ndani. Kinapokea mkono, kisha kinakataa. Hadibodi haifanyi hivyo."

Asubuhi tuliibandua hadibodi, klipu moja moja kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa. Nikaitoa ile ya zamani stoo, iliyojikunja, tukaziweka bega kwa bega. Kwenye ya zamani leza ilikuwa imegandishwa juu ya ubao wenyewe. Kwenye mpya, fundi wa viti aliweka sponji kati ya ubao na leza, karibu unene wa kidole. Hatukumwagiza. Aliweka kwa ukarimu, mlango uwe laini kwa bibi wa watu, na hakutudai hata shilingi ya ziada. Ukarimu huohuo ulikuwa umekinyanyua kisahani kikafunika kitundu cha pini. Siku tatu nzima tulikuwa tunashindana na sponji.

Mke wangu aliipima kwa kikombe cha kahawa. Alikifunika juu ya tundu upande wa nyuma, akachora duara kwa chaki ya kushonea, akaifumua leza pembeni, akapitisha mkono na wembe chini yake na kulitoa duara la sponji, safi kama kitumbua. Mbele huoni alama. Akafanya vivyo hivyo kwenye hendeli ya kufungulia mlango, maana nayo inashikwa kwa pini, na angalau safari hii tuliwahi. Tukabandika nailoni mpya mlangoni kwa gundi kuzunguka kingo zote, springi ikakaa mahali pake, klipu zikaitika.

Mke wangu akafungua pindo la kanga. Mjomba akadidimiza kwa uma, ule uliopinda, ambao sasa ulikuwa umepata mpindo hasa unaofaa kazi hii na haurudi tena kwenye seti. Kitundu kikaonekana chote, duara kamili. Nikaipenyeza pini kwa kidole. Sikugusa nyundo. Mjomba akaachia, kisahani kikarudi, pini ikatoweka.

Jumamosi saa mbili asubuhi Kobe alikuwa amesimama mlangoni, boneti imefungwa utepe. Watoto walipanda nyuma. Mimi nikakaa kwenye usukani, nikafunga upande wangu. Mama akaja wa mwisho, baibui lake jipya, udi umemtangulia. Akaketi, akalikusanya baibui lisibanwe, na mlango akauacha wazi.

Akaishika hendeli. Akazungusha kidogo, akapima kwa mkono juu ya ukingo wa kioo, vidole vinne vimelala pamoja. Kisha akauvuta mlango kwa mkono mmoja, taratibu, nao ukafunga kwa sauti ndogo kama ya kasha la mninga.

"Twende," akasema.