Sanduku la Mujomba

Kosa lilitoka kinywani mwangu mwenyewe. Katika ukoo wetu mimi ndiye fundi wa mashine, cheo nilichopewa siku nilipoirudisha kwenye Kifaransa simu ambayo mtoto aliibonyezabonyeza ikaingia Kichina. Kwa hiyo Mujomba aliponunua kisahani cha Starlink (kilikatazwa nchini Kongo mwaka 2024, ARPTC, mamlaka ya mawasiliano, ikatoa leseni Mei 2025), hakuna aliyeuliza nani atakwenda Lusangi kukifunga. Nilitoka nacho Kasongo kwa pikipiki, nimekipakata mapajani kama sinia la pilau ya harusi.

Kisahani hakikutusumbua. Kinataka kuona mbingu wazi tu, kwa hiyo tulikisimika kwenye mti mrefu mbali na mwembe. Mujomba akauliza hiyo satelaiti iko mbali kiasi gani. Nikamwambia kilomita 550 hivi.

“Basi ni karibu kuliko Lubumbashi,” akasema. “Tena njia yake haina matope.”

Ruta niliiweka sebuleni juu ya kabati, nikaiunga kwenye konvertisa ya paneli yake. Kode aliichagua mwenyewe. Alininong'oneza sikioni, ingawa tulikuwa wawili tu chumbani, kisha akampigia mke wake kelele kule uani aiandike isije ikasahaulika. Watoto wakataka kujua kama ukuta hautazuia. Hapo ndipo nilipojitia uprofesa: “Mawimbi haya yanapita hata ukutani!” Nikaenda kulala kwa ndugu mwingine, tumbo limejaa kuku wa Mujomba. Mwipwa ana haki zake.

Alfajiri nikagongewa. Mutandao imekufa.

Nilianza nje, kama fundi mwenye heshima zake. Kisahani kizima. Betri nzima. Konvertisa inanguruma. Nikazima, nikawasha, nikahesabu hadi thelathini kwa sauti ili waliokusanyika waone kazi inafanyika. Simu haikuona kitu. Ndani, juu ya kabati, palibaki alama ya vumbi peke yake.

Nikaufuata waya kwa kidole kama mtu anayefuata siafu: umepita chini ya pazia, umeingia chumba cha kulala, umejipenyeza uvunguni, ukaishia nyuma ya sanduku la bati la bluu lenye maua yaliyochorwa kwa rangi. Hilo ndilo linalotunza vitenge vya mke wake, karatasi za shamba na sanda ambayo Mujomba alijinunulia mapema. Tundu lilikuwa limetobolewa kwa patasi, ukingo wake ukazungushiwa kitambaa laini ili waya usichubuke. Mtu alikuwa amekesha.

Mujomba akatoa ufunguo shingoni, akafungua kufuli. Joto likatupiga usoni kama la tanuri ya mkate. Ruta ilikuwa imelala katikati ya vitenge, taa yake inawaka vizuri. Papo hapo simu yangu ikalia mfukoni, na za uani zikaitikia, moja baada ya nyingine. Nikafunika: kimya. Nikafunua: zikalia. Nikafunika tena, maana utamu ulikuwa umenikolea, na watoto nje wakapiga kelele, “Fungua!”

Mwaka 1836 Michael Faraday alijenga chumba akakizungushia metali, akaonyesha kwamba umeme wa nje hauingii ndani. Mujomba alikuwa amelirudia jaribio hilo, ila yeye alizuia kitu kisitoke.

“Ulisema inapita mu ukuta,” akaniambia. “Ukuta wangu ni unene wa mkono. Hii bati haifiki ukucha.”

Nikaeleza kwamba si unene, ni metali: mawimbi yakigonga bati yanarudishwa. Akatazama mabati ya paa.

“Na ya mbinguni yanaingiaje?”

“Ndiyo maana kisahani kiko nje.”

Akanitazama vile mnunuzi anavyomtazama mchuuzi anayeongeza bei mzigo ukishakuwa kichwani. Mezani hakukubali iwekwe. Wezi wana macho. Kabatini vilevile, wajukuu wana mikono. Mke wake ndiye aliyetuokoa. Aliteremsha kitunga cha samaki wa ndakala kilichoning'inia darini, akakikung'uta, akaitia ruta ndani, akakipandisha tena. Mawimbi yakapita kwenye matundu ya ukindu, tena yakafika hadi kwa jirani.

Nilipoaga, Mujomba alikuwa kwenye kigoda akipima kwa macho mahali pa kutia kufuli. Chini ya kitunga paka alikuwa ameketi wima, shingo juu, anaingoja ile taa idondoke.