Naenda Mombasa, Mwanangu

Kule Levittown, New York, kitongoji kilichoanza kujengwa 1947, mtu alipimwa kwa nyasi zake: zikirefuka, majirani wanamnong'ona. Sisi Likoni nyasi za kukata hatuna, tuna feri ya kutuvusha hadi kisiwa cha Mombasa. Kivuko chenyewe ni kama nusu kilomita tu, na mtu wa miguu halipi hata senti. Hulipa kwa jasho, na kwa kikwapa cha asiyemjua. Likaja daraja la kuelea mwisho wa 2020, tukalitembea mpaka magoti yakalalama.

Likoni imo ndani ya Mombasa, ramani zasema hivyo. Lakini muulize mama mwenye beseni la mahamri alfajiri, waelekea wapi?

"Naenda Mombasa, mwanangu."