Sifa za Sabufa ya Jirani

Dhahabu ya Geita imesifiwa vya kutosha. Almasi ya Mwadui, tangu Williamson auanzishe mgodi wake mwaka 1940, imefika hadi kifuani kwa Malkia Elizabeth. Sabufa ya jirani je? Nani amewahi kusimama hadharani akaitolea neno jema? Ilichopata ni matusi, mito ya kuzibia masikio, na kanuni za serikali za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo. Leo imepata wakili.

Fadhila yake ya kwanza ni ukarimu. Spotify, iliyofika Tanzania mwaka 2021, inataka bando. YouTube inataka bando na subira ya matangazo. Sabufa haidai bando wala nywila. Mwenye duka la nguo pale Katoro amenunua umeme kwa fedha yake. Wewe umejilalia chumbani, na muziki unakufuata mpaka kwenye mbavu. Hata kikombe cha chai mezani kinapewa nafasi ya kucheza.

Fadhila ya pili ni kubwa zaidi: sabufa haikujui, wala haina haja ya kukujua. Simu inakujua mno. Ukiusikiliza wimbo mpaka mwisho, imeandika. Ukiuruka upesi, imeandika. Kisha inatafuta watu wenye mwenendo kama wako na kukuletea walichokipenda wao. Leo unapewa binamu wa wimbo wa jana, kesho pacha wake. Mwaka ukiisha unajisifu kuwa una ladha yako, kumbe ni ng'ombe aliyefungwa kamba mtini, anayeapa kwamba majani matamu kuliko yote duniani ni yale yanayofikiwa na kamba yake.

Sabufa haina unafiki huo. Alfajiri inakuamsha na kwaya ya AIC Shinyanga, upende usipende, uwe Mkristo au Mwislamu. Saa nne ni singeli. Mchana anatamba manju wa Kisukuma. Jioni, wachimbaji wakitoka kwenye maduara, zamu ni ya rumba ya Kongo, na karasha la mawe linaitikia kwa mbali. Kitufe cha kuruka hakipo. Wimbo unaouchukia unausikia mpaka unajua unachukia nini hasa ndani yake: sauti, maneno, au kinanda kisichojua kunyamaza. Na siku moja, ukiwa bado umenuna, unagundua kwamba gitaa la pili lina jambo la maana. Hapo ladha yako imezaliwa, na mkunga ni adui yako.

Tena sabufa ni ya ukoo bora. Usukumani, tangu karne ya 19, kuna Bagika na Bagalu, vyama hasimu vya ngoma vinavyosimuliwa kuwa vilianzishwa na Ngika na Gumha. Baada ya mavuno vikundi viwili viliingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila kimoja kikijitahidi kuzima sauti ya mwenzake, na kilichovuta watu wengi ndicho kilichoshinda. Walileta nyoka, walileta vituko, walitumia hata dawa za mvuto. Kwa hiyo hila za kuwakamata watazamaji hazikuanzia kwenye simu. Tofauti ni kwamba mtazamaji alisikia ngoma zote mbili kabla miguu yake haijaamua iende wapi, na majirani zake walimwona alikosimama. Alipaswa kuwa na sababu ya kuwajibu.

Wapo watakaosema sabufa inawanyima usingizi wagonjwa na wanafunzi. Ni kweli kabisa. Lakini mbona zebaki tunaivumilia kwenye mialo kwa ajili ya chembe ya dhahabu? Wanaotia sumu mtoni tunawaita wajasiriamali. Anayetia rumba hewani tunamwitia mgambo.

Basi, msomaji wa Kahama, Ushirombo au Geita mjini, jirani akiwasha mtambo wake usikimbilie spika za masikioni. Sikiliza mpaka mwisho, kisha toka umuulize wimbo unaitwaje na nani kaupiga. Ukishapata jibu, mwombe kwa heshima zote apunguze sauti, maana ni saa nane usiku.