Namna ya Kufika Morotonga na Ukafika Kweli

Mwongozo huu ni wako wewe unayepita Mugumu saa tatu asubuhi ndani ya gari la watalii, vioo umepandisha, shingo umeielekeza Ikoma. Ndugu yangu, tunakuona. Watoto wanakupungia mkono, nawe umeinamia simu ukitazama picha za simba kabla hata hujalifikia geti la hifadhi. Simba yupo, na utamwona. Ila Serengeti ni jina la wilaya pia, yenye watu, mashamba na vilima, na kata yetu ya Morotonga iko pembeni tu mwa mji huo unaoupita kwa kasi.

Kwa hiyo jambo la kwanza: shuka kwenye gari.

Ukishashuka, salimia. Wageni wengi huteleza hapa kabla hawajafika kwenye mawe ya kilimani. Mtu anamkuta mzee amekaa kivulini, anamuuliza moja kwa moja njia ya kupanda kilimani, kisha anashangaa kwa nini majibu ni mafupi. Anza na shikamoo. Ngoja marahaba. Uliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, na jibu ulisikilize, kwa sababu humo ndimo utakamopata habari ya njia bila kuiomba. Kwa Mkurya jaribu kusema "mang'ana", hata kama ulimi utakwaa, utaletewa kigoda. Lakini usidhani kila uliyekutana naye ni Mkurya. Wilaya hii ina Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na wengine, kila watu na lugha yao. Uliza kwanza.

Jambo la pili ni viatu. Ndala ziache ulikolala. Vilima vya kwetu vimejaa mawe makubwa yaliyopandana, na katikati yake nyasi zimeficha vijiwe vinavyobingirika. Panda mapema, jua likiwa bado changa, na mwenyeji akutangulie: anajua wapi nyuki wamejenga. Ukifika juu usikimbilie kupiga picha. Kaa. Ukungu utaondoka bondeni kidogo kidogo, yataonekana mabati, kisha migomba, kisha mahindi, kisha mstari wa vumbi nyuma ya ng'ombe wanaokwenda majini.

Utaona pia miamba myeupe, ukadhani ni kinyesi cha ndege au chokaa. Sogea karibu. Ni muhogo. Umemenywa, ukavundikwa, ukavunjwavunjwa na kuanikwa juu ya jiwe, maana jiwe hushika joto la mchana na muhogo hukaukia juu na chini kwa pamoja. Pembeni yake kuna mtoto mwenye fimbo, na umbali wa hatua kumi kuna mbuzi anayejifanya anakula nyasi. Mtoto hamtazami mbuzi, anamtazama mgeni. Hapo ndipo mbuzi anaposogea. Tafadhali simama mahali ambapo mtoto anaweza kuwaona nyote wawili.

Muhogo huo ukisagwa pamoja na mtama hutoa ugali mweusi unaoshika tumbo hadi jioni. Ukiitwa mezani, nawa mikono, kaa, kula. Usiseme umeshiba kabla hujaonja. Na ukisikia litungu linapigwa mahali, nenda. Ni zeze kubwa la nyuzi nane, sauti yake nzito hutokea chini kabisa, na kabla hujaielewa miguu itakuwa imeshaelewa.

Sasa nyumbu, maana najua ndio waliokutoa kwenu. Wako zaidi ya milioni moja, nao hawana ratiba ya ofisini. Kwa kawaida mnamo Juni hivi huwa upande wa magharibi, kuelekea mto Grumeti, na kuanzia Julai hadi Oktoba hivi ndipo huvuka mto Mara huko kaskazini, maeneo ya Kogatende. Mvua ikichelewa nao huchelewa. Mgeni aliyetenga siku moja tu ya kuwaona wakivuka amejitafutia huzuni. Tenga tatu, na wakivuka mapema, siku zitakazobaki zitumie kuufuata mto wenyewe.

Hilo nalisema kwa moyo wote, maana mto Mara watu wameukata vipande. Wanaijua ile sehemu ya mamba na vumbi, basi. Mto unaanzia kwenye nyanda za juu za Mau nchini Kenya, unapita Maasai Mara, unaingia Serengeti, na baada ya kilometa 395 unamwaga maji yake Ziwa Victoria. Nenda ukausimamie kwenye Daraja la Kirumi, barabara ya Musoma kwenda Tarime. Yale maji uliyoyaona yakipiga kelele miambani, hapa yametulia na kutawanyika ndani ya mafunjo, na wavuvi wanatafuta kambare na kamongo, samaki anayepanda juu kuvuta hewa kama sisi. Msitu ukikatwa Mau, mvuvi wa Kirumi anajua kabla ya mtalii. Na ukiwa upande huo, Butiama haiko mbali. Ingia Mwitongo, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Simama kaburini kimya, kisha tazama mawe ya pale. Utayakumbuka ya kwetu.

Hifadhi ya Serengeti yenyewe ilitangazwa mwaka 1951, na ina kilometa za mraba 14,763. Mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yakafuata mwaka 1994, yakiwa jirani zaidi na vijiji vyetu. Fahamu pia kwamba vijiji vitano, Robanda, Nata Mbiso, Makundusi, Nyichoka na Park Nyigoti, vimetenga ardhi yao kuwa eneo la Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona. Ukilala huko, muulize mwenyeji wako kijiji kinapata nini kutokana na kitanda chako. Ni swali la heshima, na anayefanya biashara safi atafurahi kulijibu.

Akitokea mtu akakunong'oneza kwamba ana kimoro, yaani nyama ya porini iliyokaushwa, mwambie asante, hapana. Usicheke, usipige picha, usionje. Kwako ni hadithi ya safari. Kwa kijana wa hapa ni kesi, na huenda ni miaka jela.

Nimeacha usiku mwisho kwa sababu usiku ndio unaotutenganisha na wewe. Mahindi yakikomaa, tembo hutoka. Hawaheshimu mpaka wala hati ya shamba. Utasikia madebe yakipigwa, mbwa, tochi za watu zikikatakata giza, mtu akipiga yowe la kuwaita jirani. Wewe kaa ndani. Usitoke na simu yako. Tembo wa usiku shambani si yule wa mchana uliyemwona ukiwa ndani ya gari, na wapo majirani zetu ambao hawakurudi. Serikali ina malipo yanayoitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa msiba. Kanuni zake za mwaka 2011 ziliacha bila malipo shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpakani mwa hifadhi, yaani lile ambalo tembo hulikuta kwanza.

Asubuhi ndipo utoke. Mwombe mwenye shamba akupeleke, na mkifika usiwe wa kwanza kusema. Tembea nyuma yake kwenye mistari iliyolala. Utaona wayo mpana kama ungo, na kama mvua ilinyesha, maji yametuama ndani na mbayuwayu wanachota tope pembeni kwa ajili ya viota vyao. Atahesabu mashina yaliyosimama kwa kidole, polepole, kisha atavunja mahindi mawili kati ya hayo, atayachoma, na moja atakupa wewe. Lipokee kwa mikono miwili.