Malalamiko Hayapandi Mlima

Hesabu niliachana nazo darasa la nane, lakini kuna moja inaninyima usingizi. Julai 2024 hapa Rwanda tulipiga kura ya Rais. Paul Kagame akapata asilimia 99.18, Frank Habineza 0.50, Philippe Mpayimana 0.32. Jumlisha: mia kamili, hata chenji haikubaki. Sasa panda basi la asubuhi linalotoka Nyanza ya Kicukiro kwenda mjini, lile linalotubeba sisi watu wa Kagarama, wengi tumesimama, kwapa la huyu kwenye pua ya yule. Tuseme tumo watu sabini. Kwa hesabu ile ya kura, wasioridhika humo ndani wanapaswa kuwa nusu mtu na kidogo.

Nusu mtu! Mbona mimi nawasikia sabini? Huyu analia na nauli, yule na bei ya viazi, wa mlangoni na kamera za barabarani, wa nyuma na ada ya shule. Dereva naye ana yake, anayatolea kwenye honi. Kama kweli tuna haki ya mlalamikaji nusu kwa kila basi, basi Kagarama tumechagua ile nusu ya juu, yenye mdomo.

Nilimgeukia mzee aliyekaa karibu nami, ambaye tangu kituoni alikuwa anailaani nauli.

"Mzee wangu, samahani. Mwaka ule ulimpigia nani?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza mahari ya bintiye. "Nilimpigia Rais. Kwani nauli imepandishwa na Rais?"

"Ruzuku ya nauli iliondolewa na serikali, Machi 2024."

"Eeh. Na hawa."

"Hawa kina nani, mzee?"

Akaelekeza kidevu dirishani, upande wa majengo ya ofisi. "Hawa wa katikati."

Basi zima likaitikia. Hesabu yangu ikakaa sawa papo hapo. Nchi hii ina watu wa juu, ambao hawana kosa, na watu wa chini, ambao hawana la kufanya. Kila kinachoharibika kimeharibiwa na wa katikati.

Na katikati, ndugu msomaji, pana nafasi. Juu yangu kuna isibo, yaani kaya chache zenye kiongozi wake, mutwarasibo. Juu ya isibo kuna mudugudu, yaani kijiji. Juu ya mudugudu kuna kagari na gitifu wake, yaani katibu mtendaji. Juu ya kagari kuna murenge na gitifu mwingine, mkubwa zaidi, mwenye kiti kinachozunguka. Halafu wilaya, halafu Jiji la Kigali, halafu wizara. Tunakaa mji wa vilima, lakini sijaona kilima chenye ngazi nyingi kuliko hizo.

Amri ikishuka ngazi hizo haigusi hata ukuta. Saa mbili usiku nimeshika kijiko, simu inalia: ujumbe wa mudugudu. Kila kaya ipande majani mbele ya lango. Kila kaya ilipe pesa ya irondo, maana walinzi wa usiku nao wana watoto. Kila kaya ikamilishe mchango wa mituweli, bima ya afya, kabla ya Julai mosi, la sivyo ukiugua utajitibu kwa sala. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja, saa mbili asubuhi, na jembe lionekane. Yote hayo yana tarehe ya mwisho, na yote yamenifikia kabla ugali haujapoa.

Sasa ngoja nikusimulie kinachotokea jambo linapotakiwa kupanda.

Mtaani kwetu bomba la maji lilipasuka. Yalikuwa yakibubujika katikati ya njia, usiku na mchana, maji safi kabisa. Ndani ya nyumba nafungua bomba, linapumua kama mgonjwa, halafu kimya. Nchi haikosi maji, hilo silisemi. Kule Kanzenze, Bugesera, kiwanda kilianza kazi mwaka 2021, mita za ujazo 40,000 kwa siku, na sehemu kubwa ilikusudiwa kuja Kigali. Yanakuja. Nimeyaona kwa macho yangu yakipita langoni kwangu kwenda mtaroni. Ila kuingia ndani hayakualikwa, ndiyo maana watoto wangu wanabeba madumu ya njano kutoka kwa jirani wa bondeni.

Nikamwambia mutwarasibo. Akasema, "Nimelipokea." Nikaenda mudugudu. Wakasema, "Limepokelewa." Ofisi iliyofuata wakasema, "Tumeliandika," na kweli niliona kalamu. Nikapanda nyingine, wakaniambia liko kwenye mpango. Nikapanda tena, nikaelezwa kwamba mwaka wa bajeti unaanza Julai. Bomba lenyewe halikuwa na habari hiyo, liliendelea kumwaga. Nikawapigia wenye maji. Wakataka picha. Nikatuma. Wakajibu, "Asante kwa kutujulisha," pamoja na vile viganja viwili vilivyounganishwa, ambavyo hadi leo sijajua kama vinanishukuru au vinaniombea.

Baada ya kimya kirefu, jibu lilishuka. Ujumbe wa saa mbili usiku: kaya ambazo mbele yake kuna tope zinachafua sura ya mudugudu, zijirekebishe haraka au zitozwe faini. Kaya zenyewe zilikuwa tatu. Ya kwanza yangu.

Yaani malalamiko yangu yalipanda yakiwa bomba, yakashuka yakiwa uchafu wangu.

Nikasema nitalimaliza kwenye mkutano wa baada ya umuganda. Wageni huwa wanausifu umuganda wetu, nami siukatai: tunafyeka, tunazibua mitaro, tunajuana. Ila kulima ni kwa saa chache, mkutano ndio kazi yenyewe. Nikanyoosha mkono na jembe langu. Kiongozi aliyekuwa zamu akanisikiliza vizuri sana, kwa upole kabisa, kisha akawageukia watu akasema tatizo kubwa tulilonalo hapa ni imyumvire, namna tunavyofikiri sisi wananchi. Tubadilike. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa kuwa jirani yangu alikuwa ananitazama. Nikarudi nyumbani nikaibadilisha imyumvire yangu kwa bidii, nikafikiri vyema asubuhi, mchana na jioni. Bomba likaendelea kuvuja.

Mama watoto hana subira na siasa. "Baba Divine," aliniambia, "wewe unalalamika kwa Kiswahili. Nani atakusikia?" Nikamkumbusha kwamba Bunge lilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Akasema, "Basi na dumu lichukue urasmi huo, likalete maji."

Halafu ikaja Septemba 2025. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na yakaja hapa kwetu. Shule za Kigali zilifungwa wiki nzima. Watumishi wa umma wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani, na sisi tuliozoea kuwafuata ofisini tusiwakute hatukuona tofauti. Siku ya kwanza, mbio za kushindana na saa zilipita huku kwetu, juu ya mlima wa Nyanza. Barabara iling'ara. Shimo nililolifahamu kwa muda mrefu lilizibwa bila mtu kupiga picha. Nikasimama kwenye kamba nikaona wazungu wamejikunja, wanaupanda mlima ule huku watu wanawashangilia, na mimi ninaupanda mwaka mzima na mfuko wa viazi, sijaona hata mpiga vigelegele mmoja. Remco Evenepoel akashinda, tena akampita njiani Tadej Pogačar aliyetangulia kuanza. Ni Mbelgiji, na Machi ya mwaka huohuo tulikuwa tumevunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji. Medali akapewa vizuri tu, bila kuambiwa arudi Julai.

Mama watoto alikuwa na swali moja. "Hawa waliopanga njia, ungewaomba wapite mtaani kwetu, kwani mguu ungewauma?"

Ukweli ni kwamba lilikuwa swali la maana kuliko yote niliyouliza mimi katika ofisi zile.

Lakini sitaki uniweke kwenye kundi la wasioona jema. Kigali binti yangu anarudi saa nne usiku peke yake nami nalala. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku mwaka 2008, na miaka kadhaa baadaye majirani wetu wa Afrika Mashariki wakafuata. Motari, dereva wa pikipiki, hunipa kofia ya usalama hata nikiwa naenda dukani. Nchi inayoweza kufanya hayo haiwezi kushindwa na bomba la inchi mbili. Ndiyo maana naudhika. Ningekuwa nakaa mahali ambapo hakuna kinachofanya kazi, ningekunywa chai yangu nikanyamaza.

Tena kilio kikifika juu, kinasikika. Sheria ya 2018 iliweka kodi ya ardhi hadi faranga 300 kwa mita ya mraba. Watu wakapiga hesabu za viwanja vyao wakashikwa na kizunguzungu. Kelele zikapanda hadi zikafika, na sheria ya 2023 ikaishusha hadi faranga 80. Kamera za barabarani mwaka 2021 zilikuwa zinanasa watu wanaokwenda kilomita 41 kwa saa. Kelele zikafika, vibao vya 40 sehemu nyingi vikawa 60. Shida si kwamba juu hakusikiki. Shida ni kufika.

Umewahi kuangalia ziara za Rais vijijini? Agosti 2022 alikwenda Ruhango, Nyamagabe, Huye, Nyamasheke na Karongi. Uangalie uso wa wa katikati siku hizo. Bibi anasimama na bahasha iliyochakaa, anaanza, "Nyakubahwa Perezida wa Repubulika," yaani Mheshimiwa Rais wa Jamhuri, na nyuma yake viongozi wanaandika kwenye daftari utadhani ni mtihani wa taifa. Kesi ya shamba iliyozeeka kwenye makabati inapata mtu wa kuishughulikia pale pale. Bibi yule hajasema neno jipya. Maneno ni yaleyale aliyoyasema kagari, murenge na wilaya. Kilichobadilika ni nani anasikiliza huku wao wakitazamwa.

Wala siwalaumu sana, nimeshaielewa kazi yao. Tangu mwaka 2006 mameya wanasaini imihigo, mikataba ya kazi, na wanaisaini mbele ya Rais. Gitifu ni mwajiriwa: aliyemwajiri yuko juu, anayempima yuko juu, anayeweza kumtoa yuko juu. Mimi niko chini na dumu. Mtu wa kawaida akisimama kati ya anayeweza kumfukuza na anayeweza kumpigia makofi tu, atatazama wapi? Nami ningetazama juu, hadi shingo ikakakamaa. Siku wakisaini hata ukurasa mmoja mbele yetu sisi wa isibo, nasi tukapewa kalamu nyekundu, ndipo nitaacha kulalamika kwenye basi nianze kulalamika mahali panapohusika.

Juzi hapa mambo yalitaka kunyooka yenyewe. Sijui nani alianza, lakini kufika saa saba mchana Kagarama nzima ilikuwa inanong'ona kwamba kuna msafara mkubwa utapita, tena kwa njia yetu ya ndani. Saa nane magari mawili yakaja na mafundi wenye mabuti. Saa tisa mtaro ulishachimbwa, bomba liko wazi. Kiongozi mmoja aliyeniambia liko kwenye mpango alikuwa ameshika koleo yeye mwenyewe. Aliniita "mzee wetu". Mama watoto akapeleka chai. Majirani wakaleta viti, tukakaa kuiangalia serikali ikifanya kazi, na nakuhakikishia, inapendeza.

Saa kumi na moja simu ikalia. Ulikuwa uvumi tu. Hakuna msafara, hakuna mgeni. Mafundi wakatazamana, wakapakia vifaa, wakamaliza chai, wakaondoka. Mtaro wakauacha. Sasa tuna maji yanayovuja na shimo la kuyapokea, na ujumbe wa saa mbili usiku umeshafika: kaya zenye mashimo mbele ya lango zichukue tahadhari.

Kwa hiyo ombi langu kwa wa juu ni dogo, wala halihitaji bajeti ya Julai. Nyakubahwa, najua una kazi nyingi, sikuombi uje Kagarama. Nakuomba utangaze kwamba unakuja. Kila mwezi utangaze mtaa mmoja, kisha uahirishe. Mafuta ya msafara yatabaki, walinzi watapumzika, sisi tutapata bomba, taa, na pengine basi lenye viti. Isiwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi tu, siku hiyo tunakuwa na umuganda.

Na tafadhali, ziara iahirishwe baada ya mtaro kufukiwa.