Namna ya Kufupisha Jaribio Refu Bila Kulifupisha

Umelikuta, au umelizaa mwenyewe: jaribio la mistari 312, jina lake jaribioLaKutoaPesa. Linamsajili mteja, linamwekea shilingi 50,000, linatoa 20,000 kwa wakala, linakata ada ya 500, kisha linahakiki vitu 41 kwa mkupuo. Kiongozi wa timu anataka ulikatekate liwe methodi ndogo zenye majina yanayosomeka. Usihangaike, ndugu yangu. Sogea nikunong'oneze.

Kwanza, kata kwa rula. Kusoma ni kupoteza muda. 312 gawanya kwa 3, unapata 104. Chagua mistari, bonyeza Ctrl, Alt na M kwenye IntelliJ IDEA, tayari una sehemuYaKwanza, sehemuYaPili na sehemuYaTatu. Programu ikidai vigezo 14 vya kupitisha huku na huku, vipandishe vyote viwe mali ya darasa zima, kila methodi ichovye humo kama watu wa sinia moja. Nani kala nini, hakuna atakayejua.

Pili, majina. Kiongozi atalalamika kwamba "sehemu" si jina. Mpe makubwa: andaaMazingira, shughulikia, kamilisha. Jina salama ni lile linaloweza kuvishwa methodi yoyote ile, kama kanzu ya kuazima. Jihadhari sana na majina ya aina ya mtejaMwenyeSalio(50000), akitoaKwaWakala(20000), abakiNaSalio(29500). Hayo ni majina ya kichongezi. Siku moja mtu wa idara ya fedha atapita nyuma ya kiti chako, atasoma mistari mitatu, ataelewa, na atauliza kwa nini ada bado ni 500 wakati ilishapanda.

Ukilazimika kumtengeneza mteja, fanya hivi: tengenezaMteja("Asha", 50000, true, false, true, null, true). Hiyo true ya tatu usimweleze mtu. Mimi yangu sikumbuki ilikuwa ya nini, na sijawahi kuigusa.

Tatu, hakiki. Zote 41 zitie ndani ya hakikiKilaKitu, bila ujumbe hata mmoja. Gerard Meszaros, katika kitabu chake cha 2007 kuhusu ruwaza za majaribio, ugonjwa huu aliuita ruleti: unajua kuna hakiki iliyoanguka, hujui ni ipi. Wasiofika mbali huishia hapo, na namba ya mstari huwaumbua. Wewe weka matarajio kwenye orodha moja, majibu kwenye nyingine, kisha zungusha kitanzi. Sasa kila kosa linatokea mstari uleule. Mfumo ukigoma saa tisa usiku, atapigiwa simu mtu mmoja tu duniani. Hapo ndipo ulipo mkataba wako.

Nne, na hapa tuelewane. Martin Fowler, kwenye kitabu chake cha 1999 cha kukarabati msimbo, anasisitiza hatua ndogondogo, na kuendesha majaribio baada ya kila hatua. Ushauri mzuri, ila wewe unakarabati majaribio yenyewe. Mlinzi naye analindwa na nani? Wapo washamba watakaokwambia uiharibu ada kwa makusudi, uifanye 700, uone kama jaribio litapiga kelele. Usithubutu. Linaweza lisipige.

Tano, peleka kazi Ijumaa, saa kumi na moja jioni, ikiwa imechanganywa na mafaili mengine 30 uliyopanga upya nafasi tu. Maelezo yawe maneno mawili: "Nimesafisha majaribio." Mkaguzi ataona mistari mia tisa, ataangalia saa, ataandika "Safi sana." Niliwahi kupongezwa kikaoni kwa kazi ya namna hii. Nilisimama, nikafunga kifungo cha koti.

Mwisho, jina lako. Git inaandika nani aligusa kila mstari, na hiyo si tabia nzuri kwa chombo cha kazi. Mwombe kijana wa mafunzo kwa vitendo abadilishe tabo ziwe nafasi kwenye faili zima. Mwambie ni kujifunza. Karibu kila mstari utabeba jina lake. Ipo njia ya kuiambia amri ya git blame ipuuze mabadiliko ya nafasi tupu, ni herufi moja tu, w. Usimfundishe.