Haraka ya Picha Anailipa Mnyama

Mcheew! Jamani, hivi mnajua ile picha ya furukombe inavyopatikana? Ile ya ndege mwenye kichwa cheupe, mabawa yamekunjuka, kucha zimezama majini, matone yanaruka huku na huku. Kila kalenda ya utalii inayo. Basi sikilizeni. Kule kwenye Delta ya Okavango, Botswana, zipo mashua zinazobeba samaki waliokufa. Mwenye mashua anamchomeka samaki kipande cha funjo ili aelee, anapiga mluzi, anarusha. Furukombe aliyekwisha kuuzoea mluzi ule anashuka. Kamera zinalia, kila mtu anapata yake, na chini ya picha anaandika: "Mwindaji porini." Aka! Mwindaji gani anayewekewa sahani?

Na mahali penyewe ni Okavango, pahali ambapo subira ndiyo inayoleta uhai. Mvua inanyesha kwenye nyanda za juu za Angola, maji yanatembea kwa miezi kadhaa, yanafika Botswana kiangazi kimeshika. Hapo ndipo tembo, nyati na ndege wanapokusanyika. Dunia nzima inalitambua jambo hilo. Mwaka 2014 delta hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sasa mgeni mwenye lenzi ndefu kama mkono anashindwa kusubiri asubuhi moja ndege ashikwe na njaa yake mwenyewe!

Mimi simtupii lawama zote kijana wa mashua. Tunamjua dereva wa daladala: abiria wote wakipiga kelele "twende, twende," mguu unakandamiza mafuta. Mwongoza watalii yuko kwenye kiti hichohicho. Mshahara una kiasi chake, bakshishi ndiyo inayosomesha watoto, na mwenye bakshishi yuko nyuma ya bega lake anamwambia sogea, sogea tena kidogo, jani linamziba chui jicho. Akikataa, ataambiwa hajui kazi. Akikubali, anavunja kile alichofundishwa. Huo ni mzigo ambao mgeni anamtwika mtu mwenye familia, halafu anapanda ndege anakwenda zake.

Sheria zipo. Katika Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, mwenye gari lake haruhusiwi kuiacha barabara kumfuata mnyama, wala kushuka popote anapotaka. Lakini simba akijilaza kando ya lami, magari yanabanana hadi mnyama anakosa pa kupita. Kila mmoja anasema, "Mimi nasogea hatua moja tu." Hatua moja ya kila mtu ndiyo inayojenga ukuta!

Utaniuliza, gari likisogea, mnyama anapungukiwa na nini? Anapungukiwa na watoto, ndugu yangu. Huku kwetu Afrika Mashariki jambo hilo limepimwa. Utafiti wa duma wa Maasai Mara, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba pale penye watalii wachache mama alikuza kwa wastani watoto 2.3 kwa kila uzao hadi wakajitegemea. Pale watalii wanapojazana, 0.2. Rudieni hesabu hiyo taratibu. Duma hutegemea sana mwanga wa mchana kuwinda. Akizingirwa na magari, swala anashtuka, windo limekwisha, na watoto wanalala njaa. Duma wa Botswana na Namibia ni duma yuleyule, na njaa yake ni ileile.

Halafu kuna watoto wa simba. Hapo moyo wangu unachemka kabisa. Afrika Kusini kuna maelfu ya simba wanaofugwa ndani ya uzio. Kwenye baadhi ya mashamba hayo, mtoto anatolewa kwa mama akiwa bado mchanga, mama apate kuzaa tena upesi, na mtoto anapakatwa na wageni wapige picha. Akikua, hapakatiki tena. Wengine huuawa kwa bunduki humohumo ndani ya uzio na wawindaji waliolipia. Mwaka 2021 serikali yao ilitangaza nia ya kuifunga biashara hiyo. Mteja akiacha kulipa leo, shamba halina sababu ya kungoja sheria.

Na faru? Mwaka 2014 majangili waliua faru 1,215 Afrika Kusini. Mwaka 2024 idadi ilishuka hadi 420, na kwa ajili ya waliopona kuna askari wanaokesha. Wewe unampiga picha faru, simu yako inahifadhi ndani ya picha ileile mahali uliposimama, unairusha mtandaoni kabla hata ya chakula cha mchana. Umemwelekeza jangili bila ujira! Zima hicho kitu cha kuonyesha mahali.

Najua mwenye hoja atasema: bila fedha za mgeni, mnyama angekwisha zamani. Kweli kabisa. Bonde la Luangwa, Zambia, mwaka 1950, Chifu Nsefu alitenga ardhi, mhifadhi Norman Carr akasaidia kujenga kambi, wageni wakaja kutazama na kupiga picha, na mapato yakaifikia jamii ya chifu. Ni jambo jema, na liendelee. Lakini mgeni amelipia kiti ndani ya gari. Chui hakumuuzia mtu asubuhi yake.

Tena picha kubwa hazipatikani kwa kusukumana. Wim van den Heever wa Afrika Kusini aliona nyayo za fisi wa kahawia katika Kolmanskop, mji wa almasi uliohamwa huko Namibia. Alitega kamera, akarudi, akatega tena. Miaka kumi! Mwaka 2025 picha yake ya fisi mbele ya nyumba iliyokufa ilishinda tuzo kuu ya wapiga picha wa wanyamapori inayotolewa na Natural History Museum ya London. Na asiye na miaka kumi aende Okaukuejo, ndani ya Hifadhi ya Etosha, hukohuko Namibia. Kuna dimbwi la maji lenye taa, kuna benchi nyuma ya ukuta. Unakaa, unanyamaza, na faru mweusi anakuja usiku kwa kiu yake mwenyewe.

Kwa hiyo, mwenye kusafiri kwenda huko na kamera, zungumza na mwongozaji wako asubuhi, kabla gari halijawashwa. Mwambie: mnyama akigeuka, tunaondoka, magari yakijaa, tunaondoka, na bakshishi yako iko palepale hata tukirudi bila chui. Kisha jioni itoe kweli, mkononi mwake, bila kupunguza.